Fundi Aliyeomba Kuziona Ski Zangu

Jumanne iliyopita, katikati ya mazoezi ya goti langu, yule dada wa Kikenya anayenifanyisha mazoezi ya viungo aliuweka mguu wangu chini taratibu, akasema, "Mzee, kuna habari. Yule fundi wa ski, yule aliyekuwa Qurum, ameaga dunia. Tulitangaziwa kanisani Ijumaa, siku yetu ya ibada huku." Alifia kwao Kinangop, Kenya, kwa kichomi kilichomlaza siku chache tu. Nataka nikueleze, msomaji wangu, nilivyoipokea habari hiyo, kwa sababu sitaki nionekane mwema kuliko nilivyokuwa. Nilisema, "Mungu amsamehe." Sikusema Mungu amrehemu, kama inavyosemwa kwa maiti. Nilisema amsamehe, na nilikusudia hivyo hasa. Yule dada aliunyanyua tena mguu wangu, akaendelea kuhesabu mpaka mwisho wa mazoezi bila ya kunitazama usoni.

Wasomaji wa siku nyingi wanamjua marehemu, ingawa jina lake sikuliandika. Majira mawili ya baridi yaliyopita, nikiwa kitandani na chuma ndani ya mguu, niliandika hapa hapa, kwenye safu hii, habari ya kuvunjika kwangu mlimani, na ya fundi aliyenifungia vibaya ski zangu, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni na kutelezea kwenye theluji. Nilitaja mtaa wa duka, nikaeleza lahaja ya fundi yule na penseli aliyoichomeka sikioni. Makala ile ilitembea kuliko kitu chochote nilichopata kukiandika. Ilirushwa kutoka simu hadi simu, ikafika Unguja na Mombasa, na watu nisiowajua walikuwa wakinisimamisha dukani kunipa pole na kumlaani yeye. Leo ninaandika tena habari zake. Niliyowaambieni siku ile hayakuwa kweli. Wakati ule sikujua kwamba si kweli, lakini soma mpaka mwisho uone kama huo ni utetezi.

Wanaotusoma kutoka mbali huuliza, Maskati na ski wapi na wapi? Ni kweli kwamba hapa theluji tunaiona kwenye majokofu. Lakini watoto wetu siku hizi hujifunza kuteleza kwenye ukumbi wa theluji ya kutengenezwa, ndani ya maduka makubwa, kisha likizo ya majira ya baridi familia nzima hupanda ndege kwenda Georgia, mwendo wa saa chache, na kurudi na picha. Mimi nilianza uzeeni, nimeshapita hamsini. Aliyenivuta ni shemegi yangu, kaka wa mke wangu, aliyesoma Ulaya ujanani na anayeteleza kama aliyezaliwa huko. Miaka mitatu nilikodi vifaa vya watu. Mwaka wa nne nikataka vyangu, tena si vya njia zilizobanwa na mashine ambazo kila mgeni hupita, bali zile ski pana za kutokea kando, mahali theluji ilipolala laini kama ilivyoanguka. Shemegi akanipeleka kwenye duka la vifaa vya michezo Qurum, akaniambia nyuma ya duka yuko fundi mmoja Mkenya anayezijua kazi hizi.

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mikono ya shati imekunjwa mpaka viwikoni, mbele yake meza ndefu yenye jiliwa mbili za kubania ski na harufu ya nta iliyoyeyuka. Nilikuwa nimeshachagua. Nilizibeba mwenyewe kutoka ukutani: ndefu kunizidi kimo, pana kama kiganja kilichofunguliwa, zimechorwa mwewe mwekundu. Alizipokea kwa mikono miwili, akazipindapinda, akazisifu.

"Hizi ni nzuri sana, mzee," alisema. "Lakini si zako."

"Za nani?"

"Za kijana mwenye miguu ya ng'ombe." Akaziegemeza ukutani. "Uko na kilo ngapi?"

Nikamwambia sabini na nane. Hakubisha. Alinyoosha kidevu kuelekea kwenye mizani iliyokuwa pembeni, nami nikapanda, ikasema themanini na tisa. Akaandika kwenye kadi. Akauliza urefu, akauliza umri, kisha akauliza swali ambalo sijalisahau.

"Unateleza aje? Usiniambie vile ungependa. Niambie vile unaanguka."

Nilicheka, lakini nikamjibu. Nilimwambia kwamba huanguka polepole, ninapochoka, karibu na saa sita mchana, na mara nyingi mguu wa kushoto hubaki nyuma. Akatikisa kichwa kama daktari aliyepata alichokitafuta. Akanitolea jozi nyingine ya rangi ya kijivu, isiyo na mwewe, fupi kidogo na nyembamba kidogo, ncha zake zimepinda juu vizuri. Alinieleza kwa upole kwamba upana ule ungetosha kunibeba juu ya theluji laini, na jioni nikirudi kwa njia ngumu hautanitesa magoti. Zile za mwewe, alisema, zingenipeleka zinakotaka zenyewe. Nilizichukua za kijivu kwa shingo upande. Siku ya kwanza mlimani nikajua kwamba alinichagulia sawa.

Kufunga vifungio, vile vinavyoshika kiatu juu ya ski, kulichukua mchana mzima wa siku nyingine. Alitaka niende na viatu vyangu mwenyewe, vile vigumu vya ski, akavipima soli, akatazama kama soli na vifungio vinakubaliana. Akaweka kigezo cha chuma juu ya ski, akatia alama, akapima, akaondoa, akaweka tena, akapima. Ncha ya keekee aliivisha pete ili isizame ikatokea upande wa pili. Alitoboa, akapuliza vumbi, akatia gundi, kisha skurubu zote akazikaza kwa mkono, akisema kwamba mashine haina adabu. Shemegi yangu alikuwa amekaa kwenye kiti, akiperuzi simu. Hapo fundi akanionyesha kidirisha kidogo juu ya kifungio, chenye mstari na namba.

"Hiki kifaa kina kazi mbili," aliniambia. "Kukushika na kukuachia. Kukushika ni rahisi, hata kamba itakushika. Kazi yenyewe ni kukuachia, ukianguka, kabla mfupa haujakatika. Hapa ndiyo tunaambia kifaa kikuachie lini. Namba ikipanda, kinachelewa." Alipiga hesabu kwenye kadi yake, uzito, urefu, umri, urefu wa soli, na namna yangu ya kuteleza, akakaza kwa bisibisi kidogo kidogo mpaka mstari ukasimama kwenye sita.

Shemegi akainua kichwa. "Sita? Ya watoto hiyo. Mie nna tisa na nusu."

"Wewe ni wewe, bosi," fundi akamjibu bila kugeuka. "Goti ni la huyu."

Akanipa kadi nitie saini, nakala moja akabaki nayo, moja akanipa. Akaniambia kwamba zikinifyatuka ovyo ovyo, kwanza nifute theluji iliyoganda chini ya kiatu, maana hiyo ndiyo sababu mara nyingi. "Usishike bisibisi. Nipigie simu, hata kama uko huko juu mlimani, nitashika." Kwa mzaha nikamuuliza yeye huteleza wapi. Akasema huteleza ndani ya ule ukumbi wa maduka tu, ambako alianza kazi kwa kugawa viatu vya kukodi, akafundishwa ufundi na mzee mmoja Mzungu. Mlima wa kweli hajapata kuukanyaga. "Mlima wa theluji ninaoujua ni ule wa kwetu," alisema, "na ule mimi nauona tu nikichimba viazi." Aliyasema hayo bila haya yoyote, kama mtu anayekwambia ukweli kwa sababu umemuuliza.

Yaliyotokea Georgia nilishayaeleza, kwa hivyo nitayapitia upesi, safari hii nikiongeza yale niliyoyajua juzi. Siku ya kwanza ski zilinifyatuka mara tatu. Theluji ilikuwa nzito, ikiganda chini ya viatu, na mimi kila mara nilikuwa na haraka ya kuvaa tena, sikufuta kitu. Shemegi alikuwa akinisubiri chini, amesimama, mikono kiunoni. Asubuhi ya siku ya pili nilipomaliza kunywa chai nilimkuta ameshazitoa ski zangu nje, ameziegemeza pamoja na zake, nikamshukuru kwa wema wake. Karibu na saa sita mchana, kwenye mteremko wa kawaida kabisa, nikaanguka vile vile nilivyomwambia fundi kwamba huanguka, polepole, mguu wa kushoto umebaki nyuma. Mwili ukageuka. Ski haikugeuka, wala haikuniachia. Mlio wa mfupa niliusikia kabla ya maumivu.

Shemegi ndiye aliyefika wa mwanzo. Alipiga magoti pembeni yangu, akanishika kichwa, na maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Kakuua huyu fundi wako. Nilisema mie, nilisema!" Niliwekwa kwenye kigari cha theluji nikashushwa, na njia nzima nikiyarudia maneno hayo moyoni, kwa sababu mtu mwenye maumivu hutaka awe na wa kumlaumu, na mimi nilikwisha kupewa wangu.

Nilirudi nikafanyiwa operesheni mbili. Nikalala miezi. Na nikiwa nimelala nikaandika. Niliandika vizuri, mnajua, kwa hasira na kwa ufundi wa lugha. Lile la kuwa hajapata kukanyaga mlima, alilonieleza kwa ukweli wake, nikaligeuza kuwa dhihaka: tumewakabidhi mifupa yetu watu ambao theluji wameiona wakichimba viazi. Sentensi hiyo ndiyo iliyopendwa zaidi. Watu walinitumia ikiwa imezungushiwa duara jekundu.

Wiki ile ile alikuja nyumbani. Hapa watu huenda kila pahali kwa gari, yeye alishuka basi akatembea mpaka kwetu, jua limekaza, akaingia barazani na shati lililoloa mgongoni. Tayari duka lilikuwa limekwisha kumwachisha kazi. Nilikuwa nimelazwa kwenye kochi, mguu juu ya mito. Shemegi alikuwepo, amekuja kunijulia hali kama alivyokuja kila siku, na ndiye aliyemmiminia kahawa. Fundi aliipokea kwa mkono wa kulia, akashukuru, akainywa mpaka mwisho.

"Mzee, pole kwa mguu," alisema. "Sikuja kugombana. Naomba kitu kimoja tu. Nizione zile ski."

"Ili iweje?" nikamuuliza. "Uzirekebishe kabla hawajaziona wengine?"

Alitazama kikombe. "Nizione tu. Sitazigusa. Uzishike wewe mwenyewe, ama huyu bosi azishike, mimi nitasimama pale mlangoni."

Nikamwambia kwamba ski hazitoki. Zilikuwa ndani ya mfuko wake, stoo, hatua ishirini kutoka nilipolala, na tangu zilipoletwa kutoka uwanja wa ndege sikuwahi kuufungua mfuko ule. Ninakumbuka kwamba shemegi alikuwa akiufuta mdomo wa birika la kahawa kwa kitambaa, akaufuta tena, akaufuta tena. Fundi alisimama, akaweka kikombe kwenye sinia.

"Nilidhani tunajuana," alisema. Akatoka. Kibali chake cha ukaazi kilifungamana na duka lile, na duka lilipomwacha, nchi ikamwacha. Haukupita mwezi akapandishwa ndege. Mimi nilimuuliza shemegi, siku moja, kama kuna aliyejua mwisho wa yule mtu, akanijibu kwamba amesikia kapata kazi nzuri Dubai, kwenye ule ukumbi mkubwa wa theluji. Nikasema, basi, riziki yake haikukatika. Nikalala usingizi mzuri.

Ijumaa hii iliyopita tulikula chakula cha mchana nyumbani kwangu kama desturi, watu wote kwenye sinia. Nikawaeleza habari ya kifo, kwa maneno yale yale niliyomjibu dada wa mazoezi. Shemegi alilirudisha tonge kabla halijafika mdomoni. Akanyanyuka, akaenda kunawa, akakawia. Nikamfuata, maana nilidhani kaumwa. Nilimkuta amesimama mbele ya beseni, bomba limefunguliwa, mikono yake mikavu.

"Alifia Kenya?" aliuliza.

"Kwao. Kinangop."

"Hakwenda Dubai."

"Wewe ndiye uliyeniambia kaenda Dubai."

Akafunga bomba. "Shemegi, yule bwana hakukosa. Zile ski nilizikaza mie."

Sikufahamu mara moja. Nilimwomba aseme tena, akasema tena, safari hii upesi upesi, kama mtu anayetema kitu. Asubuhi ile ya pili, nilipokuwa nikinywa chai, aliazima bisibisi kwa mtu wa hoteli akapandisha vifungio vyangu mpaka kwenye namba yake mwenyewe. Alichoka kunisubiri. Alidhani ananisaidia.

"Na pale nilipolala chini, mfupa umekatika, ukaniambia kaniua fundi?"

"Nilibabaika."

"Na alipokuja hapa? Ulimmiminia kahawa."

"Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini ulikuwa ushaandika, shemegi. Ushaandika, watu wote washasoma. Ningesema siku ile ningekuaibisha wewe."

Nimeishi na watu, nimesalitiwa mara kadhaa kama wewe unayesoma, lakini hilo lilinichoma pahali papya. Miaka miwili alikula kwenye sinia langu. Alinishika mkono nilipojifunza kutembea upya. Alinisikia nikimlaani yule mtu mbele ya wageni, tena mara nyingine alinichochea, akinikumbusha ile sentensi ya viazi ili wageni wacheke. Na mwisho alinigeuzia kibao, ukimya wake ukawa eti ni hisani aliyonifanyia mimi. Ubaya wake ni kwamba alikuwa na kipande cha haki. Alijificha ndani ya makala yangu. Nisingeijenga, asingekuwa na pa kujificha.

Nilikwenda stoo nikautoa mfuko. Mke wangu alinisaidia kuulaza sakafuni. Ski zilikuwa bado na madoa ya chumvi na unyevu uliokaukia ndani. Nikavaa miwani, nikainamia kidirisha, mstari umesimama kwenye tisa na nusu, vifungio vyote, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kwenye mfuko mdogo wa pembeni nikaikuta kadi. Sita, kwa mwandiko wake uliosimama wima, na chini yake saini yangu. Alichokuja kukiomba ni hicho tu, dakika moja ya macho yangu mwenyewe. Angesimama mlangoni.

Shemegi aliniomba nisiliandike hili. Alisema marehemu hatarudi, na sisi ni watu wa kutazamana. Nikamtazama mke wangu. "Mie dada yake," alinambia. "Usiniulize." Kisha akaizungusha ile kadi nyeupe vidoleni, akanirudishia, akaenda zake ndani. Tangu siku hiyo shemegi hajaja, na mimi sijampigia simu. Sijui mlango huo utafunguliwa na nani.

Jumamosi nilikwenda Qurum na zile ski na ile kadi nikaziweka mbele ya mwenye duka. Alitazama kidirisha, akatazama kadi, akavuta droo, akatoa nakala ya pili. Ilikuwepo siku zote. Nikamuuliza kwa nini hakuitazama kabla ya kumwachisha mtu kazi. Alinijibu bila hasira, "Ulikwisha kuandika. Nilikuwa na wateja wanapiga simu tangu asubuhi. Mimi nifungue droo nitafute nini?" Watu watatu tulikuwa na ukweli ule mkononi, mmoja kichwani mwake, mmoja ndani ya droo, mmoja stoo, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kutonyoosha mkono. Wa nne alikuwa na maneno yake tu, na maneno yake hayakuwa na uzito kwa sababu ya mahali alipotoka.

Nimelifikiri hilo sana. Mji huu unaendeshwa na mikono ya watu waliokuja. Wanatufungia breki za gari, wanatuchoma sindano, wanapanda juu ya lifti zetu kukaza nyaya. Tunaziweka roho zetu mikononi mwao bila ya kuwaza mara mbili. Lakini siku mambo yakiharibika, mikono ile ile tuliyoiamini jana haina mdomo wa kuaminiwa leo. Mwenye mikono hiyo anakaa barazani, anakunywa kahawa yetu kwa adabu, anasema jambo fupi lililo sawa, na sisi tunasikia ujanja. Babu zetu nao walikuwa wageni katika nchi za watu, Unguja na Mombasa, na wengi katika sisi tuliozaliwa kule tulirudi huku tukisimulia jinsi neno letu lilivyokataliwa na waliotujua. Masimulizi hayo tunayahifadhi vizuri. Sikuyakumbuka siku ile aliposimama mbele yangu mtu aliyezungumza lugha ya mama yangu na kuniomba jambo dogo.

Dada wa mazoezi alinipatia namba ya mjane wa fundi. Nilipiga Jumapili alasiri, nikajitambulisha kwa kazi yangu na kwa kosa langu, nikaeleza yote mpaka saini yangu. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akipasua kuni. Hakunikatiza.

"Alijua," alisema nilipomaliza.

"Alijua nini, mama?"

"Kwamba kuna mtu alizikaza. Alisema kifaa hakijipandishi namba. Hakujua ni nani, hakutaka kutaja mtu hajamwona." Nikamsikia akiwafukuza kuku. "Alikuwa anakusoma, mzee. Hata baada ya ile. Kila wiki alikuwa anatafuta makala yako kwa simu."

"Baada ya yale niliyoyaandika juu yake?"

"Mimi nilimuuliza, kwani unajiumiza hivi kwa nini? Akasema yule mzee si mtu mbaya, siku moja ataziangalia, na akiziangalia ataandika. Hataki ipite bila yeye kuona. Hata ile wiki ya kulazwa alisoma ile ya paka wa mtaani kwenu. Alicheka mpaka akakohoa."

Mwisho nikamuuliza anataka nifanye nini, nikamwambia kwamba niko tayari kwa lolote.

"Andika," alisema. "Na ukiandika usilie-lie. Watu wakikuona unalia watakuhurumia wewe."

Nimejaribu kumtii. Kama kuna pahali nimeteleza, unisahihishe. Somo nililolipata ni dogo, na ninaona haya kwamba limenigharimu maisha ya mtu mwingine kulijua: anayeshutumiwa akiomba kitu kitazamwe, kitazame, hata kama una hasira, hasa kama una hasira, na kabla ya kumwamini aliye karibu nawe muulize maswali yale yale unayomuuliza aliye mbali. Ninawaomba wote mlioirusha makala yangu ya kwanza muirushe na hii, kwa watu wale wale. Fundi yule aliifanya kazi yake sawasawa. Mimi ndiye ambaye sikuifanya yangu.